Shikamoo ya Bwana Pasi

Kazi za kukaa zilitaka digrii, kazi za kusimama zilitaka ujana, na Bwana Pasi hakuwa na hata kimoja. Digrii hakuwahi kuiota. Ujana alikuwa nao, tena wa kutosha, ila aliumaliza chini ya ardhi, katika chumba cha pasi cha hoteli moja kubwa, akinyoosha mashuka ya wageni waliolala siku moja na kwenda zao. Hoteli ilipouzwa, wenyewe wapya walisema nguo zitafuliwa nje, kwenye kampuni yenye mashine. Wakampa mkono, wakamwambia asante kwa yote. Alitoka na mashuka machache yaliyochakaa na hilo jina la Pasi, ambalo watu walishalizoea kuliko jina lake la kuzaliwa.

Msimwonee huruma mapema hivyo. Alikuwa mtu wa maringo yake. Mtaani alijulikana kwa shati lisilo na mkunjo hata aendapo kununua chumvi, na alijulikana kwa marahaba yake. Wako watu wakiamkiwa huitikia kwa kukata, utadhani wanafukuza nzi. Yeye aliivuta. "Marahabaaa," alisema, kisha akaongeza za kwake: umeamkaje, shule inasemaje, bibi yako kikohozi kimepoa? Watoto walizunguka nyuma ya nyumba wamtokee upande wa pili, wamwamkie tena kana kwamba hawajaonana, wapate tu kuisikia. Naye alijua ujanja wao, akaitikia upya.

Bintiye alikuwa fundi wa kumwiga. Ndiye mtoto wake wa pekee, anamaliza sekondari, na tangu mama yake afariki walibaki wawili kwenye chumba kimoja kilichogawanywa na shuka la hoteli lililotungikwa kwenye waya. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, binti alichungulia pembeni ya lile shuka. "Shikamoo, baba." Akiitikiwa, anairudisha marahaba ileile kwa sauti nzito ya kiume, wanacheka wote wawili, siku inaanza. Hata siku ambazo chai haikuwa na sukari, siku ilianza hivyo.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wa kiume wa marehemu mke wake. Shemeji anaishi mji mwingine, ana duka, ana vyumba ambavyo havina wa kulala. Aliingia, akaamkia kwa adabu zake zote, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema lililomleta.

"Shemeji, mimi sikulaumu. Kazi imeondoka, haikufukuzwa na wewe. Lakini huyu mtoto anakonda, na hilo hata wewe unaliona."

"Naliona."

"Basi tufanye hivi. Mwisho wa mwezi nakuja tena. Nikikuta umepata kazi, abaki, sitasema neno. Nikikuta bado, naondoka naye, amalizie shule kwangu."

Kilichomuuma Bwana Pasi ni kwamba shemeji alikuwa na haki. Angekuwa mtu mbaya wangegombana na mambo yakaisha. Lakini Bwana Pasi mwenyewe alilelewa kwa zamu: kwa shangazi, kwa baba mdogo, kisha kwa watu ambao mpaka leo hajui walihusiana vipi. Anajua mtoto katika nyumba ya watu hujifunza kula haraka na kucheka taratibu. Alijiapiza zamani sana kwamba wake hatalelewa hivyo, na sasa kiapo chenyewe kilikuwa kinamtoka mikononi huku anakitazama.

Basi akaingia mjini kutafuta. Alianzia juu, kwenye majengo ya vioo, maana aliambiwa kuna mahali wanataka bawabu. Mapokezi palikaa msichana mwenye kucha ndefu.

"Nimesikia mnatafuta bawabu, mwanangu."

"Una digrii?"

"Ya nini?"

"Wanaotakiwa wawe na digrii. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Digrii ya kufungua geti?"

"Na kufunga," msichana alisema, na wala hakuwa anatania.

Akateremka chini, kwenye maghala, kwenye majengo yanayojengwa, kwenye masoko, kule ambako hakuna anayeuliza cheti. Huko ndiko alikokomeshwa. Msimamizi mmoja wa kupakua mizigo alipomwona anakunja mikono ya shati, alimkimbilia, akamshika mkono, akamketisha kivulini juu ya ndoo iliyofunikwa, akaagiza aletewe maji ya kunywa.

"Pumzika, baba."

"Sikuja kupumzika. Nimekuja kubeba."

"Nitakutumaje, baba yangu? Nikuambie, we, beba hili, kimbia? Nitalala mimi?"

Na kila alikokwenda ikawa hivyo hivyo. Baba, kaa. Mzee wetu, karibu kiti. Hizi ni kazi za vijana, mzee, zitakuvunja. Heshima aliyopewa katika mji ule mwezi ule ingetosha kumzika waziri. Alipewa viti mpaka makalio yakafa ganzi, alipewa maji mpaka tumbo likalia, na kila jioni alirudi nyumbani mikono mitupu. Mji wa ajabu huo. Watu wake wana adabu kiasi kwamba wanaweza kukuua nayo kwa njaa na wakaja kukuzika wanalia.

"Leo vipi, baba?" binti aliuliza.

"Wamesema watanipigia."

Binti akaenda kuichomeka simu kwenye chaji ingawa ilikuwa imejaa. Kisha akasogeza mkate wote upande wa baba yake, akasema yeye ameshakula kwa rafiki yake. Bwana Pasi aliutazama ule mkate, akamtazama mtoto alivyopwaya ndani ya sare yake. Alijua milango aliyokuwa tayari kuigonga imekwisha.

Kinyozi wa mtaani kwao ndiye aliyemwita. Alikuwa akimwona anavyopita asubuhi amenyooka na jioni amepinda, akamwonea imani. Akamketisha, akamfunga kitambaa shingoni, akakoroga rangi nyeusi ya nywele kwenye kisosi.

"Leo nakurudisha nyuma," kinyozi alisema. "Bure, usitoe kitu."

Alikuwa ameshapaka upande wa kushoto wote ndipo akasema lililokuwa moyoni. "Mzee wangu, usinikasirikie. Tatizo lako si mvi peke yake. Tatizo ni mdomo."

"Mdomo wangu umefanyaje?"

"Ukiingia kwa mtu kuomba kazi, unasemaje?"

"Nasema hujambo, mwanangu."

"Basi umeshajiharibia. Hapo hapo umekuwa baba yake. Nani anamwajiri baba yake? Mwenye kazi anataka mtu wa kumfokea."

"Kwa hiyo nisemeje?"

"Mwamkie."

Bwana Pasi alifikiri hakusikia vizuri. "Niwaamkie watoto? Mimi niwape shikamoo?"

"Wape. Mtu akishaitikia marahaba, tayari yeye ni mkubwa na wewe ni mdogo, mdomo wake mwenyewe umemfunga. Hawezi tena kusema baba, kaa. Atakutuma."

Bwana Pasi alichomoa kile kitambaa shingoni, akakitupa kwenye kiti, akatoka bila kuaga. Kumwamkia mtu unayeweza kumzaa! Afadhali kutembea uchi sokoni. Alifika mpaka kona akitoa moshi puani, na hapo ndipo alipowaona watu wanamgeukia, akakumbuka kwamba kichwa chake ni nusu cheusi nusu cheupe. Akasimama. Akarudi, akakaa kwenye kiti, akajifunga kile kitambaa mwenyewe. Kinyozi alimalizia upande wa pili.

Binti alipomwona alipiga ukelele wa kicheko. "Baba! Sasa nikitembea na wewe wataniuliza huyu ni kaka yako?" Akamzunguka, akamgusa nywele. Alicheka na baba yake pia akacheka. Kicheko hakijaisha simu ikalia. Ni shemeji. Anakuja Jumamosi ijayo.

Asubuhi iliyofuata Bwana Pasi alikwenda mahali pekee palipobaki, mahali alipoapa hatakanyaga: kwenye kampuni ya kufua nguo, ileile iliyochukua mashuka ya hoteli. Alikuta mstari wa vijana uani. Walikuwa wanaingia mmoja mmoja katika ofisi ya meneja, na waliotoka wanacheka ndio waliopata.

Meneja alikuwa kijana, na ukisema kijana hujamtukana. Ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke. Nyuma yake ukutani ilitundikwa digrii yake ndani ya fremu, na mbele yake ilikaa simu, nayo ndiyo iliyokuwa na macho yake. Bwana Pasi alisimama mbele ya meza. Hujambo mwanangu ilimjia mpaka kwenye meno, akaimeza. Alimwona binti yake anamsogezea mkate, anasema ameshakula.

"Shikamoo," alisema.

Katika kile kitambo kifupi aliomba mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Aliomba kijana ashtuke, ainuke kitini, aseme aa, mzee, mimi ndiye wa kukuamkia. Na aliomba asishtuke.

"Marahaba," kijana akasema. Hakuinua uso.

Aliikata kabisa, tena na mkia wake. Bwana Pasi alihisi kitu kinamtoka kifuani na hakujua kitarudi lini.

"Nguvu unazo?"

"Ninazo."

"Digrii?"

"Sina."

"Afadhali. Wenye digrii wananisumbua, wanachoka haraka. Umri?"

Bwana Pasi akataja umri, akiwa amekata kipande kikubwa.

"Nenda kwenye mashuka ya maji. Unaanza sasa."

Nyumbani alisema neno moja tu: nimepata. Binti alimrukia shingoni, akalia, akamwambia nilijua, nilijua, utafanya kazi gani? Akajibu yuko kwenye nguo, na hakuongeza. Aongeze nini? Kwamba pasi haruhusiwi kuisogelea, maana siku hizi shuka humezwa na mtambo upande huu na kutapikwa limenyooka upande wa pili? Kazi yake ilikuwa kuvuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine na kuyasukuma mpaka kwenye vikaushio, kwa toroli ambalo gurudumu lake moja lilikuwa linavuta kushoto siku nzima. Shuka likiwa limelowa ni zito kuliko mtu anavyodhani. Mgongo wake ulilia, lakini mgongo angeweza kuuvumilia.

Kilichomshinda ni kwamba meneja aliipenda ile shikamoo. Wale vijana wengine walimsalimu kwa mambo vipi na niaje. Huyu mmoja anamwamkia, tena mtu mzima! Akawa kila apitapo anasimama kidogo mpaka aipate. Akija kwa nyuma na kumkuta ameinama, humgusa bega na kungoja. Siku moja alikuja na rafiki yake wakiwa wameshika chupa za soda.

"Mwamkie na rafiki yangu," meneja alisema.

Akamwamkia na rafiki yake.

Kufikia katikati ya juma hakuwa tena Bwana Pasi. Vijana kule ndani walishampa jina jingine. "We Shikamoo! Leta toroli!" "Shikamoo anaitwa ofisini!" Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanachangamsha kazi, na yeye mwenyewe alikuwa akiitika haraka. Ulimi nao una wazimu wake, ukishaufundisha kitu unakifanya wenyewe. Akiguswa bega tu, mikono inakwenda nyuma, macho yanateremka chini, na lile neno linatoka kabla hajajua ni nani.

Asubuhi alikuwa anaondoka binti bado amelala, na tuseme ukweli, alikuwa anashukuru. Siku ya pili tu ya kazi binti aliwahi kuamka akamwamkia kama kawaida, naye akaitikia.

"Mbona umeikata?" binti aliuliza kutoka nyuma ya shuka.

"Koo," alisema, akavaa viatu akatoka.

Jumamosi kazi iliisha mchana. Bwana Pasi alirudi, akaukuta mlango umefungwa. Binti alikuwa amekwenda stendi kumpokea mjomba wake. Akafagia chumba. Akatandika kitanda na kukaza kona za shuka kihoteli. Akavaa shati alilolinyoosha kwa mkono wake, akakaa kwenye kiti kuusubiri ushindi wake, kwa sababu ulikuwa ushindi, hakuna wa kumpokonya. Ana kazi. Mtoto anabaki. Alijirudishia maneno hayo, na katikati ya kuyarudia usingizi ukamchukua kichwa kikiwa kimelala kifuani.

Aliguswa bega.

Akaruka wima. Mikono nyuma, macho chini. "Shikamoo, mkuu!"

Viatu alivyoviona sakafuni vilikuwa viatu vya shule, vya kike, vyeusi, kimoja kimeshonwa kwa uzi mweupe. Alikishona yeye.

"Baba," binti akasema. "Ni mimi."

Mlangoni alisimama shemeji na mfuko wa matunda. Aligeuka haraka akatazama ukutani, ambapo palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, akaisoma kwa bidii. Bwana Pasi alijaribu kucheka.

"Usingizi huo. Nilikuwa naota."

"Unamwamkia nani huko kazini?" binti aliuliza.

"Bosi wangu."

"Ni mkubwa?"

"Si ndiye bosi."

"Kwa umri, baba."

Angeweza kusema ndiyo. Alishadanganya umri wake, angeshindwa vipi kudanganya wa mwingine? Lakini yule mtoto alikuwa akimtazama usoni, na yeye hajawahi kumudu kumdanganya akiwa anatazamwa.

"Anakuzidi kidogo," alisema.

Shemeji akakohoa. Aliweka mfuko wa matunda juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, nilisema nikikuta umepata kazi, abaki. Nimekuta umepata. Mimi sina neno, niliyoyasema nayasimamia." Na alikuwa anayasimamia kweli, maana alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameshinda. Ndipo nyuma ya lile shuka la kwenye waya ikasikika zipu ya begi.

"Mjomba, ningoje," binti alisema.

"Unakwenda wapi?" Bwana Pasi aliliinua shuka. Nguo zilikuwa zinaingia begini bila kukunjwa, na yeye alimfundisha kukunja tangu hajajua kusoma. "Nimepata kazi. Hukusikia mjomba wako? Unabaki. Yote haya nimeyafanya ubaki."

"Najua, baba."

"Sasa?"

"Nikibaki, Jumatatu utamwamkia tena."

"Na ukiondoka je?"

"Nikiondoka huna sababu. Utaacha."

Atamwambiaje mtoto kwamba amekosea, kwamba mtu aliyebaki peke yake chumbani ndiye hasa asiyekuwa na sababu ya kukataa chochote? Alimsihi. Ndiyo, Bwana Pasi mwenye maringo alimsihi, alishika mkanda wa begi, akasema kaa mpaka mwisho wa muhula, akasema kaa hata wiki hii. Alisema kazi si mbaya, akasema yule kijana ana adabu. Alipolisema hilo binti akafumba macho, na Bwana Pasi akaachia mkanda.

Shemeji alichukua begi, akatoka nalo nje, akasimama mbali kidogo na mlango, kama mtu anayejua kwamba haya si ya kusikilizwa. Binti alifika kizingitini, akageuka.

"Leo hatukuonana asubuhi. Sijakuamkia."

Bwana Pasi alikuwa bado amesimama pale kando ya kitanda, kona za shuka zimekazwa vizuri kabisa.

"Shikamoo, baba," binti akasema, na akangoja. Alikuwa ameshauweka mdomo tayari kuirudisha kwa sauti nzito, kama wafanyavyo kila siku.

Baba yake aliitafuta ile ndefu. Aliitafuta kweli. Lakini angeinua uso mtoto angeyaona machozi, kwa hiyo hakuinua uso.

"Marahaba," alisema.